Kangaruu Saba Kutoka Bethlehemu

Alhamisi. Baridi ya Julai, ile isiyoleta mvua wala kuruhusu jua, imeshinda juu ya paa tangu alfajiri. Nimerudi nyumbani Majengo nikiwa na gundi kwenye kucha, vumbi la kumetameta kwenye buibui, na dharau ya kutosha kugawia mtaa mzima na nyingine ikabaki.

Naimwaga hapa mtandaoni kwa sababu sina pengine pa kuimwaga. Nikiisema shuleni nitaonyeshwa geti. Nikimwambia mama yangu, atanikumbusha kwamba ulimi hauna mfupa, kisha ataniomba nimsimulie tena ile sehemu ya punda.

Watu wazima ni bure kabisa.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni Mwalimu Zuhura. Nafundisha PP2, yaani watoto wa miaka mitano na wachache waliodanganyiwa umri, katika shule moja ya kibinafsi kule mtaa wa Fedha. Jina la shule silitaji. Ina ghorofa mbili, basi moja la njano, na getini pana picha ya mtoto aliyevaa kofia ya mahafali ambaye hakuwahi kusoma kwetu hata siku moja. Mwenye shule tunamwita Madam Dairekta. Ana kipaza sauti chake mwenyewe, anakitumia hata kwenye chumba cha watu sita, na debe tupu haliachi kuvuma.

Jumatatu ya wiki jana alitutangazia Wiki ya Wanyama wa Dunia. Kila darasa lichukue upande wake wa dunia, watoto wajifunze wanyama wa huko, kisha wawatengeneze kwa mikono yao. Kilele kiwe leo, wazazi waje waone. Mwalimu mmoja akauliza kama darasa lake linaweza kufanya tembo na twiga.

"Aaa, tembo wazazi wamezoea," Dairekta akasema kwenye kipaza sauti. "Tunataka wanyama wa majuu."

Wamezoea! Mbuga yenye simba wa kweli iko karibu nasi, ndege zikitua zinapita juu yake, na katika darasa langu zima waliowahi kuingia huko hawajazi benchi moja. Wanamjua simba wa kwenye blanketi. Lakini sawa, twende majuu, maana majuu ndiko kunakoleta wazazi wapya Januari.

Hata hivyo sitaandika uongo katika shajara yangu mwenyewe: kazi yenyewe niliipenda. Sisi tulipewa Australia na kule kwenye barafu, mwisho wa dunia. Nilitafuta picha kubwa, nikazibandika ukutani, tukakaa mkekani. Nikawaambia kuhusu kangaruu na mfuko wake wa tumboni ambamo mtoto anakaa mpaka awe mkubwa. Wakapagawa. Nusu saa nzima darasa liliruka, kila mtoto amebeba kifutio ndani ya sweta. Nikawaambia kuhusu koala, anayelala karibu mchana na usiku wote, na mmoja akasema hiyo ni baba yake siku ya Jumapili.

Kisha pengwini. Nikawaeleza kwamba kuna pengwini wakubwa ambao mama akitaga yai anamwachia baba. Baba analiweka juu ya miguu yake ili lisiguse barafu, anasimama nalo hapo kwenye upepo bila kula. Mama anaenda zake mbali baharini kutafuta chakula. Anakaa huko muda mrefu. Akirudi, anacho chakula ndani yake, anakipandisha kooni na kumtilia mtoto mdomoni.

Darasa zima likasema "Iiiiiw!" isipokuwa Neema.

"Teacher," akauliza, "na mtoto anajuaje atarudi?"

Nikamwambia, "Baba anamwambia."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Sasa nimtambulishe Neema, kwa sababu haya yote yanamhusu yeye. Ni mdogo kuliko umri wake, haongei sana, na nywele zake zinasukwa na baba yake. Hilo la mwisho mtu hahitaji kuambiwa. Baba Neema ni mlinzi wa usiku kwenye ghala moja. Asubuhi akitoka zamu anapitia nyumbani, anamwogesha mtoto, anamsuka ile mistari yake inayokwenda kama barabara ya Umoja ikichimbwa, anamleta shuleni, kisha anakwenda kulala. Mama yake anafanya kazi ya kibarua Industrial Area, kiwanda cha biskuti. Anatoka mtoto akiwa amelala na mara nyingi anarudi mtoto akiwa amelala. Ukikosa siku moja pale, asubuhi yake unakuta mwingine amesimama mahali pako.

Kwa hiyo akina mama wa darasa langu hawajawahi kumwona Mama Neema, na kwa kuwa hawajamwona wameshamhukumu. Nawasikia getini. Huyo mtoto ana mama kweli? Mwanamume mzima anabeba begi la pinki kila siku, mama mtu yuko wapi? Husema huku wakijua baba anasikia. Baba anasalimia, anainama, anamfunga mtoto kamba ya kiatu, anaondoka.

Lakini kwa siku ya leo mama alikuwa ameomba ruhusa. Aliiomba mapema, msimamizi wake akampa muda wa saa mbili tu, aende na kurudi. Neema aliniambia hilo Jumatatu, akaniambia tena Jumanne, na Jumatano akaniambia kabla hata hajavua begi.

"Teacher, mama ataona pengwini yangu?"

"Ataiona. Itakuwa mezani, hapo mbele kabisa."

Nilimwahidi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Tuliwatengeneza wanyama hao darasani mwanzo wa wiki hii, kwa katoni, kreti za mayai, chupa tupu, pamba na karatasi. Naomba ieleweke: walikuwa wabaya. Walikuwa wabaya sana, masha Allah. Kulikuwa na koala mwenye miguu mingi kuliko alivyohitaji. Kulikuwa na kangaruu aliyekuwa mfuko mtupu, maana mwenyewe aliishiwa na hamu baada ya kutengeneza mfuko. Mmoja alipaka rangi mnyama wake, akapaka meza, akapaka jirani. Walicheka, waligombana, walikula gundi kidogo. Kila mmoja alijua wake ni yupi, jina lake nani na anakula nini.

Pengwini wa Neema alikuwa chupa ya soda iliyovishwa karatasi nyeusi. Shingo ndefu. Kichwa kina upara, kwa sababu karatasi ilimwishia. Mdomo mrefu wa kadibodi. Na chini ya koo alikuwa ameshonea, kwa uzi mrefu uliojaa mafundo, soksi ya mtoto mchanga ikining'inia.

Nilicheka. Kila mtu wa Eastlands, mitaa yetu hii ya mashariki ya Nairobi, anamjua ndege huyo. Ni wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko wa nyama kooni, wanaokaa juu ya miti ya barabarani na kuzurura jalalani. Nikajua mara moja kilichotokea: mtoto hajawahi kuona pengwini, korongo anamwona kila siku, amechanganya.

"Neema, huyu ni korongo bwana!"

"Ni pengwini, Teacher."

"Na hii ya shingoni?"

"Ni yake."

Nikamwacha. Mwalimu mzuri hujua wakati wa kuacha, nikajiambia, nikajipongeza.

Jumanne alasiri Dairekta akapita kukagua. Alisimama mlangoni, akawatazama wanyama wetu kwenye rafu, akaweka mkono kifuani.

"Mwalimu Zuhura. Hii ndiyo utaonyesha wazazi?"

Nikamwambia wametengenezwa na watoto wa miaka mitano, na wanafanana na kazi ya watoto wa miaka mitano.

"Hii ni aibu," akasema. Na kabla kengele haijalia, ujumbe ulikuwa umefika kwenye kundi la wazazi kwenye simu: wanyama wa rafuni warudi nyumbani, kila mtoto aje Alhamisi na mnyama anayependeza, mzazi amsaidie kidogo.

Kidogo!

Kila mzazi wa Nairobi anajua maana ya hilo neno. Tangu mtaala mpya uje, mtoto akiambiwa alete ndoo ya karatasi, mtoto analala saa mbili na mzazi anakesha akikata. Akiambiwa alete sanamu ya kufukuza ndege shambani, babu anapigiwa simu kijijini. Na mzazi mwenye haraka hakati wala hapigi simu, anatafuta fundi. Jina la mtoto linabandikwa juu, mwalimu anatia tiki, na sote tunaitana wabunifu. Nimetia tiki hizo miaka, naijua kazi ya fundi nikiiona.

Baba Neema ndiye pekee aliyejibu kwenye lile kundi. Aliandika: "Pengwini wetu yuko tayari." Hakuna aliyemjibu.

Leo asubuhi basi.

Kati ya akina mama, wa kwanza kufika alikuwa Mama Tiffany, mwenyekiti wa kundi la wazazi, mwanamke ambaye hata akikusalimia unahisi umepewa cheti. Alikuwa amekumbatia kitu kirefu kilichofunikwa leso. Tiffany alikuja nyuma yake, mikono mgongoni, akiangalia sakafu.

"Mwalimu, tulikesha," Mama Tiffany akaniambia. "Huyu mtoto ana kipaji, wacha tu."

Akafunua. Kangaruu. Anafika kifua cha mtoto, kahawia, amepakwa vanishi mpaka anang'aa, amesimama kwa miguu ya nyuma, masikio juu. Dairekta akapiga makofi. Akamvika Tiffany kilemba cha ukoka pale pale, eti mchongaji wa kesho. Mimi nikamwangalia mchongaji wa kesho. Alikuwa anamtazama yule mnyama vile watu wanavyomtazama mbwa wa jirani.

Kisha akaingia mama wa pili, na kitu kirefu kilichofunikwa leso.

Nikaanza kuhisi utamu fulani kifuani.

Wa tatu. Wa nne. Kila mmoja alikuja na leso yake, kila mmoja alisema walikesha, kila mmoja alifunua kwa madaha. Walipomalizika kulikuwa na kangaruu saba kwenye meza yangu, masikio yale yale, macho yale yale, vanishi ile ile, wamesimama mstari kama wanaosubiri maji. Mwenye macho haambiwi tazama. Akina mama saba wakatazamana. Hakuna aliyesema neno, maana ukisema wa mwenzako amenunuliwa, wako je? Mama Tiffany alimcheka wa mwisho kwa pua, na papo hapo akakumbuka. Nyani haoni kundule, lakini leo alilionyeshwa na kioo.

Fundi namjua. Ana kibanda nyuma ya soko, anatengeneza mapambo. Kazi yake kubwa ni Desemba, anapoyauzia makanisa mazizi ya Krismasi: mtoto Yesu, kondoo, mamajusi, na punda. Punda wa mwaka jana inaonekana walimbakia wengi. Kwa hiyo mama wa kwanza alipokuja mbio Jumanne jioni akitaka kangaruu kwa siri, na wa pili akaja kwa siri, na wa saba akaja kwa siri, fundi hakuchonga kitu. Aliwachukua punda wake, akawasimamisha kwa miguu ya nyuma, akawanenepesha mkia, akapiga rangi. Wajinga ndio waliwao. Lile tandiko jekundu la mgongoni lilikuwa bado linaonekana chini ya kahawia, ukiinama kidogo kwenye mwanga.

Hakuna mtu mzima aliyeinama. Ryan aliinama.

"Teacher! Huyu alikuwa church yetu!" akapaza sauti. "Si ni yule alibeba Mary?"

Niliangalia dari. Namshukuru Mungu kwa ile dari.

Wenzake wakaja mbio, wakazunguka meza, wakachungulia matumbo. Hapo ndipo kosa kubwa zaidi lilipogunduliwa, na waliogundua hawakuwa wazazi.

"Haina mfuko!"

"Teacher, hii haina mfuko! Mtoto atakaa wapi?"

Mmoja akanyoosha mkono agonge lile tumbo lisilo na kitu, na mama yake akamkemea kutoka kwenye kiti: "Wee! Nimesema usiguse, rangi itatoka!" Mtoto akarudisha mkono. Ni mnyama wake huyo. Jina lake limebandikwa shingoni.

Niseme sasa la pengwini.

Neema alikuwa amefika mapema kuliko wote, na baba yake, pengwini akiwa amefungwa kwa sweta asipigwe na baridi. Tulimweka katikati ya meza, mbele kabisa, kama nilivyoahidi. Kisha wakaja hao kangaruu, na Dairekta akaja kupanga.

"Hii takataka ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya Neema, na mama yake anakuja leo, ameomba ruhusa kazini.

"Mwalimu, wageni watatuonaje?"

Akamtoa pengwini, akamsukuma chini ya meza, nyuma ya kitambaa kirefu. Alipoenda ofisini nikamrudisha juu. Aliporudi akamwona, akamshusha tena, safari hii akamsukuma kwa ncha ya kiatu.

"Ukiitoa tena, utatoka nayo."

Mdomo huu wote mnaousoma hapa, ulifungwa kama duka la Ijumaa mchana. Neema alikuwa amekaa mkekani na wenzake, nami sikujua kama ameona.

Maonyesho yakaanza. Wazazi kwenye viti vya plastiki, Dairekta na kipaza sauti chake. Kila mtoto asimame karibu na mnyama wake atuambie machache juu yake. Tiffany akaitwa kwanza. Akasimama. Akawa bubu. Huyu ni mtoto ambaye Jumatatu alinieleza kuhusu kangaruu mpaka nikamwomba anywe maji. Mama yake akawa anampa maneno kutoka kwenye kiti: "Sema! Sema anaruka!" Tiffany akamwangalia mnyama, akamwangalia mama, akasema kwa sauti ndogo, "Sijui huyu." Akapigiwa makofi. Ryan alisema wake ni punda na alikwenda Bethlehemu. Akapigiwa makofi pia. Mngewapigia makofi hata viti.

Wa nne alipokuwa bado amesimama kando ya wake ndipo mlango ukafunguka.

Mwanamke mwembamba, koti la kazi la buluu limepauka mabegani, kofia ya wavu bado kichwani, ameisahau. Alikuwa anahema. Harufu ya biskuti iliingia kabla yake, tamu, ikajaza darasa, na watoto wote wakageuka. Dairekta hakuondoa hata kipaza sauti mdomoni.

"Madam, jikoni ni nyuma, zungukia kule."

Sauti ikavuma chumba kizima. Akina mama wa kangaruu wakaangaliana.

"Mimi ni Mama Neema," yule mwanamke akasema.

Hakukaa. Alisimama pale pale mlangoni, mkono mmoja juu ya kofia ambayo sasa alikuwa ameikumbuka, akitafuta kwa macho kwenye meza. Alipita kangaruu mmoja mmoja, akafika mwisho, akaanza tena upya. Nilimwona akitafuta. Nilisikia aibu mpaka masikio yakapata moto, kwa sababu alikuwa anatafuta kitu nilichomwahidi mtoto wake, nami nilijua kiko wapi.

Dairekta akaita majina mengine. Jina la Neema akaliruka.

Neema akainuka mkekani bila kuitwa. Hakulia wala hakuniangalia mimi, na kwa hilo namshukuru. Alikwenda moja kwa moja mezani, akainua kitambaa, akaingia chini. Kumbe alijua tangu mwanzo. Akatoka kinyumenyume na pengwini wake mikononi, mdomo wa kadibodi umepinda pale kiatu kilipogusa. Akaunyoosha kwa vidole. Kisha akamgeukia mama yake, siyo sisi, na mtoto ambaye haongei akaongea.

"Huyu ni pengwini. Ni mama. Anaishi kwa barafu."

Dairekta akataka kusema kitu. Sijui nilipata wapi huo ujasiri uliochelewa, lakini nilinyoosha mkono nikakizima kile kipaza sauti.

"Akitaga yai anapea baba. Baba anaiweka kwa miguu, isishikwe na baridi. Baba haendi mahali. Mama anaenda mbaaali kutafuta chakula. Anakaa sana. Watu wanauliza, mama yake ako wapi? Ako kazi. Lakini atarudi. Akirudi anabeba chakula hapa."

Akatia vidole ndani ya ile soksi ya kooni.

Ile niliyocheka. Ile niliyoiita ya korongo.

Akatoa nusu ya biskuti. Mama yake huwaletea nyumbani zile zilizovunjika, ambazo kiwanda hakiuzi. Anamwekea mtoto chini ya kikombe aamke azikute. Hii ilikuwa imekaa ndani ya soksi tangu sijui lini, ina nyuzi nyuzi. Neema akatembea nayo mpaka mlangoni, akainua mkono juu.

"Ni yako. Wewe huniletea na hukulangi."

Mama Neema alikuwa anashinda akizungukwa na biskuti kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nadhani hapana kitu duniani alichokuwa ametamani kidogo kuliko biskuti. Akachuchumaa, koti la kazi likagusa sakafu, akafungua mdomo, akalishwa. Akaitafuna polepole na nyuzi zake zote, machozi yakishuka, mbele ya wigi zote zile na kucha zote zile, akaila ikaisha.

Hakuna aliyepiga makofi, maana hakuna aliyejua inatakiwa nini.

Ningependa kuandika kwamba watu walibadilika. Hawakubadilika. Utepe wa dhahabu wa mshindi alifungwa punda wa Mama Tiffany. Dairekta, aliponusa kwamba chumba kimeguswa, alimkimbilia Mama Neema akitaka picha ya shule, na akamwomba eti avue lile koti kwanza, ili ipendeze.

"Nakaa hivi, madam," Mama Neema akasema. "Na nimechelewa kazi."

Akambusu mtoto kichwani, juu ya ile mistari iliyopinda, akaenda. Saa zake mbili nyingi ziliishia njiani. Kwenye kundi la wazazi zimetumwa picha za kangaruu kutoka kila upande, na akina mama wanaandika "hongera kwa watoto wetu". Nimesoma zote, nimecheka peke yangu, nimezima simu.

Ila kuna kitu kimoja hakikupigwa picha.

Shule ilipofungwa, watoto wengine waliondoka mikono mitupu, punda wakabebwa na wenyewe, yaani mama zao. Neema alibaki akimsubiri baba yake. Pale barazani ni saruji tupu, na baridi ya leo ilikuwa inapanda mpaka magotini. Nilitoka kumwambia aingie ndani. Nikamkuta amesimama wima, miguu pamoja, hatikisiki, na pengwini amemsimamisha juu ya viatu vyake, asiguse sakafu.

Nilisimama karibu naye upande wa upepo mpaka baba yake alipotokea getini, akaja kulichukua lile begi la pinki.

Utumishi wangu pale huenda ukaisha kwa sababu ya kitufe kimoja cha kipaza sauti. Tutajua asubuhi. Lakini nikikuta mlango bado unanifungukia, pengwini anakaa juu ya meza yangu mwenyewe, karibu na chaki, na anayetaka kumsukuma kwa kiatu ataanza na mguu wangu. Na kabla sijamsalimia mtu mzima yeyote katika jengo lile, nitainama kwenye kiti kidogo cha Neema na kuomba radhi kwa ndege wake, kwa kumwita korongo.